Venice inauza kukaa, kusimama ni bei poa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu ile makala yenu ya sehemu za kwenda fungate, ile iliyosema Venice, ule mji wa Italia uliojengwa majini, ni ya wenye pesa zao na kama hujatenga mamilioni bora ubaki zako Zanzibar. Na Zanzibar sina ugomvi nayo, mi mtu wa Tanga, Unguja kwetu ni kuvuka tu. Ila hilo la mamilioni ndo limenifanya nishike simu niandike, kwa sababu mi nafanya kazi kwenye ghala la mizigo hapa Munich, zamu za usiku, mshahara wenyewe wa kubana, na mwezi wa kwanza mwaka huu nimemchukua mke wangu tukaenda Venice wikendi ndefu, tukala, tukalala, tukapigwa baridi, tukarudi, na hakuna tuliyemkopa. Sasa najiuliza mwandishi wenu alienda lini, au kama alienda kweli, maana bei alizoweka ni za mwezi wa saba na ushauri wake wote ni wa kukaa tu, kaa mgahawa huu, kaa meza ile inayotazama maji, kaa kwenye gondola, ule mtumbwi wao mrefu wa kasia.

Hapo kwenye kukaa ndo pesa zinapokwishia. Venice, Mhariri, inauza kukaa. Kusimama na kutembea ni karibu na bure, lakini ukishaweka makalio chini tu, iwe kwenye kiti cha mkahawa au kwenye chombo cha majini au hata kwenye ngazi za kanisa, kuna mtu anakuja na bili, na mara nyingine anayekuja ni polisi.

Chukua kahawa. Ukiingia baa yoyote ya mtaani ukasimama kaunta pamoja na wabeba mizigo na mafundi, espreso unalipa euro 1 na senti kadhaa, unainywa kwa mafunda mawili matatu unaaga unatoka. Kahawa hiyohiyo ukiinywa umekaa uwanja wa San Marco, kwa mfano pale Florian ambapo pamefunguliwa tangu 1720, bei inaruka mara kadhaa, na orkesta ikiwa inapiga muziki nao unaingizwa kwenye bili yako hata kama wewe hata husikilizi. Sisemi wanaiba, bei imeandikwa kwenye menyu na ukumbi wenyewe ni mzuri kweli, nasema tu kwamba pale unalipia kiti. Na usijidanganye kwamba utakwepa kwa kukaa chini bure na mkate wako mkononi, eneo la San Marco ni marufuku kukaa kwenye ngazi au kufanya pikiniki, faini inaanzia euro 100. Mwaka 2019 kuna Wajerumani wawili walikaa chini ya daraja la Rialto wakatoa jiko lao dogo la safari wakaanza kujipikia kahawa, wakapigwa faini ya euro 950 na kuambiwa waondoke mjini. Hapa Ujerumani iliandikwa sana. Watu walicheka, mi nilifikiria tu kwamba kwa hiyo hela ungekunywa kahawa ya kusimama miaka miwili.

Sasa gondola, maana najua ndo mnayoitaka. Bei rasmi ya mji ni euro 90 kwa nusu saa mchana, usiku inakuwa euro 110, na hiyo ni bei ya chombo, sio ya kichwa, mnaweza kupanda mpaka watano. Makala yenu iliandika kama vile kila mtu analipa yake, sio kweli. Kwa hiyo wakikutana wapenzi wawili na wengine wawili wanaweza kuchanga ikawa euro 45 kila upande, ingawa mi naona hayo mapenzi ya kuangaliana na watu usiowajua magoti yamegusana na kila mmoja ameinua simu yake juu, mh, kila mtu na raha zake. Chombo chenyewe ni kazi ya fundi haswa, hilo silipingi. Mita kama 11, mbao za miti ya aina 8, na ukisimama kwa mbele ukakitazama vizuri utaona kimepinda, upande wa kushoto ni mpana kuliko wa kulia, kimetengenezwa makusudi hivyo kwa sababu mpiga kasia ni mmoja na kasia lake liko upande mmoja, bila huo upindo kingekuwa kinazunguka tu. Na huyo mpiga kasia, kama ilivyo kila kitu cha maana mji ule, amesimama.

Lakini kuna kingine ambacho makala haikukitaja kabisa, nacho ni traghetto. Ule mfereji mkubwa unaokata mji katikati una madaraja manne tu, na mpaka mwaka 1854 lilikuwepo moja tu, la Rialto, kwa hiyo tangu zamani watu walikuwa wanavushwa kwa gondola, na mpaka leo vituo vichache bado vipo. Ni gondola pana kidogo isiyo na mapambo wala mito ya velveti, wapiga kasia wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, mgeni analipa euro 2. Sisi tulivukia Santa Sofia, ile inayokwenda kutua sokoni Rialto. Asubuhi, ukungu, upande wa pili unaona vivuli tu. Tulipanda na mama mmoja mtu mzima ana kigari cha kitambaa cha kwendea sokoni, na kijana amempakata mbwa, na wote wawili wakasimama katikati ya chombo kama wamesimama sebuleni kwao, yule mama hata kushika hakushika popote, anapekua pochi yake. Mke wangu amenikamata koti kwa mikono miwili. Nikamwambia simama tu, wenyeji wote wamesimama, akanijibu, "Baba watoto, wenyeji wanajua kuogelea kwenye barafu, mi sijui." Boti ya watalii ya umeme ikapita, wimbi likaja likatuinua kidogo, wale jamaa wawili wakageuza makasia bila hata kukatisha stori yao, tukatulia, tukafika. Dakika mbili hivi. Nimepanda gondola Venice kwa euro 2, na mke wangu hajawahi kunishika namna ile tangu tuoane.

Kipindi cha baridi hivyo vivuko vinapunguza masaa, vingine havifanyi kazi kabisa, kwa hiyo nenda asubuhi, usisubiri jioni.

Na ukishavuka pale umeingia soko la samaki, Jumanne mpaka Jumamosi asubuhi tu, Jumapili na Jumatatu usijisumbue. Mtu wa pwani pale utakaa sana, samahani, utasimama sana. Ngisi wamelala kwenye wino wao wenyewe, kamba wa kila aina, wengine bado wanatingisha miguu. Ukutani kuna kibao cha marumaru cha zamani kimechongwa urefu wa mwisho ambao samaki anaruhusiwa kuuzwa, chini ya hapo ni mtoto arudi baharini. Mkunga sentimita 25, chaza 5, kome 3, na orodha inaendelea. Nilikipiga picha nikamtumia mjomba wangu mvuvi kule Tanga, akajibu kwa sauti ya WhatsApp dakika nzima anawalaani wenye kokoro. Hiyo sio mada yangu, nimeitaja tu.

Chakula nacho ni hivyohivyo, simama. Kuna vilabu vidogo vinaitwa bacaro, kaunta ina kioo, nyuma ya kioo kuna vitafunwa vimepangwa juu ya vipande vya mkate, unaonyesha kwa kidole, kimoja euro 2 hivi, vingine pungufu, vingine zaidi. Kuna dagaa wakubwa waliokaangwa wakalazwa kwenye vitunguu na siki na zabibu kavu, hii kitu ni tamu jamani, na kuna chewa mkavu aliyepondwa na mafuta mpaka akawa mweupe laini kama siagi, huyo samaki anatoka Norway anakaushwa kwa upepo kule kisha analetwa. Wenyewe wanateremshia na glasi ndogo ya mvinyo, sisi hatutumii tukachukua maji, na hakuna aliyetutazama vibaya. Kwa asiyekula nguruwe uliza kwanza, maana ham wanaipenda. Vipande vitatu vinne umeshiba, unahamia klabu nyingine kuongezea, na kutembea kati ya moja na nyingine ndo starehe yenyewe. Ukikaa mezani unaongezewa hela ya kiti, iko kwenye risiti kwa jina lake kabisa, kila kichwa. Maji ya kunywa msinunue, mji mzima una mabomba ya umma yanayotiririka, beba chupa yako ujaze. Choo cha umma ni euro 1 na nusu, kwa hiyo mwenye akili anakunywa espreso yake ya kusimama na kuomba choo hapohapo, hela ileile umepata viwili.

Kuhusu usafiri, hapo lazima niseme ukweli, vaporetto, ile boti ya abiria, ni ghali. Euro 9 na nusu kwa tiketi ya dakika 75, mwenyeji mwenye kadi analipa kidogo sana. Vijana wa chini ya miaka 30 wana kadi yao ya euro 6 inayowapunguzia tiketi ya siku tatu, wanafunzi mnaosoma huku msiiache. Sisi umri umeshapita. Tulichofanya ni kununua tiketi moja moja mara moja tu, tukapanda laini namba 1 kutoka stesheni mpaka San Marco jioni taa zimewashwa, inapita mfereji mkubwa wote polepole ikisimama kila kituo kushoto kulia, na kwa vile ni Januari tukapata zile nafasi za nje ambazo kiangazi watu wanagombea. Hapo nilikaa na nikalipa na sikujutia hata senti. Baada ya hapo ni miguu. Mji ni mdogo, kutoka stesheni mpaka San Marco ni mwendo wa dakika 40 kama hukupotea, na utapotea tu, simu yenyewe inapotea kule ndani vichochoroni. Begi beba la mgongoni. Madaraja ni zaidi ya 400 na karibu yote ni ngazi, utawaona watu wanaburuta masanduku ya magurudumu, ko ko ko ko, wamefika daraja la tatu wameshanuniana. Halafu nyuma yao anapita jamaa wa mizigo na toroli lake refu la makreti ya maji, mbele lina vijigurudumu viwili vidogo vya kukanyagia ngazi, analipandisha daraja ngazi moja moja kama mchezo.

Sasa kwa nini baridi. Kwanza bei, chumba cha watu wawili ndani ya kisiwa Januari tulikipata chini ya euro 60, mtaa wa Cannaregio, choo ndani, kiangazi kwa hela hiyo labda wakupe ngazi ulale. Watu watakushauri ulale Mestre, ule mji wa bara, treni dakika kumi na nauli haifiki euro 2, na kiangazi ni ushauri mzuri, ila baridi sikubaliani nao. Tofauti ya bei inakuwa ndogo, na ukilala Mestre unakosa jioni, na jioni ndo Venice yenyewe. Saa 11 giza linaingia, watalii wa kutwa wanarudi kwenye mabasi na treni zao, na kufika saa 2 usiku mitaa mizima ni nyayo zako tu na maji yanagonga kuta. Pili, ile ada ya wageni wa kutwa walioanza kuitoza 2024, euro 5, na 2025 ikawa inafika 10 ukichelewa kuikata, siku zake mpaka sasa ni za kuanzia Aprili mpaka Julai, baridi haipo. Na anayelala hotelini hatozwi hiyo hata kiangazi, analipa kodi ndogo ya kulala. Tatu, harufu. Wanaosema mifereji inanuka wameenda kwenye joto. Januari hainuki kitu.

Ila chagua tarehe. Krismasi na mwaka mpya bei ziko juu, na Februari ikifika karnivali ya barakoa zinapanda tena, kwa hiyo dirisha ni kuanzia baada ya tarehe 6 Januari mpaka karnivali ianze. Sisi kwa sababu tarehe 6 ni sikukuu hapa Bavaria tuliunganisha na siku zangu za likizo, tukafika jioni ya kuamkia sikukuu, tukabahatika kuona kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Italia siku hiyo wana kibibi kichawi anaitwa Befana anayewaletea watoto peremende usiku, sasa Venice wazee wa klabu ya makasia, midume mizima yenye vitambi, wanavaa magauni na vilemba na pua za bandia wanashindana kupiga makasia kwenye mfereji mkubwa mpaka daraja la Rialto, ambapo wametundika soksi kubwa sana inaning'inia katikati ya daraja. Tulisimama ukingoni na wenyeji tukapiga makelele bila kujua tunamshangilia nani. Bure. Mke wangu alicheka mpaka machozi, na ile siku ilikuwa nyuzi kama 3 tu.

Na baridi yenyewe nisiwafiche. Thamometa haishuki sana kama huku kwetu Munich lakini ni baridi ya majimaji, inapenya viatu, inapanda magotini, inakaa. Soksi za sufu, kofia, na viatu visivyopitisha maji, sio raba. Kuhusu mafuriko watu wananiuliza sana. Yapo, na msimu wake ni kuanzia vuli mpaka katikati ya baridi. Tarehe 12 Novemba 2019 maji yalifika sentimita 187 juu ya kipimo chao, ni mara moja tu yaliwahi kuzidi hapo, mwaka 1966, sentimita 194. Lakini tangu Oktoba 2020 wana milango 78 ya chuma imelala chini ya bahari kwenye midomo mitatu ambako bahari inaingia kwenye wangwa unaouzunguka mji, wakitabiri maji kufika sentimita 110 wanaijaza hewa inainuka inazuia bahari. Chini ya hapo kwa kawaida wanaiacha, na San Marco kwa vile ndo pa chini kuliko kwote panalowa kabla. Tulipakuta asubuhi moja. Mi nilidhani maji yanamwagika kutoka ukingoni mwa bahari, kumbe hapana, yanatoka chini. Kwenye mawe ya uwanja kuna vitundu vya mifereji ya mvua, maji ya bahari yanarudi nyuma kwa hivyo vitundu yanachemka kimyakimya, mara dimbwi, mara madimbwi mawili yameungana, mara kanisa zima la San Marco linaonekana kichwa chini miguu juu. Kanisa lenyewe wamelizungushia ukuta mfupi wa kioo mwaka 2022 halilowi tena. Manispaa wanapanga meza ndefu za mbao zenye miguu ya chuma, watu wanapita juu kwa foleni, na pembeni wachuuzi wanauza mifuko ya plastiki ya kuvalia juu ya viatu, rangi ya chungwa, hatukununua, tuliganda kwenye mbao. Baada ya masaa kadhaa maji yakashuka kama hayakuwepo.

Niongeze na hili kwa sababu ni letu. Watanzania Venice tuliijua kupitia Mwalimu, yeye ndo aliyemfasiri Shakespeare, Mabepari wa Venisi ikatoka 1969, na nani hajasikia habari ya yule mkopeshaji Myahudi na ratili yake ya nyama. Basi mtaa waliotengewa Wayahudi upo mpaka leo, Cannaregio hukohuko tulikolala, tulienda kwa miguu. Uliwekwa mwaka 1516, milango inafungwa usiku na walinzi wanalipwa na Wayahudi wenyewe, yaani unafungiwa na unamlipa anayekufungia, mpaka jeshi la Napoleon lilipoivunja 1797. Nyumba zake ndo ndefu kuliko za jirani zote, ghorofa 7 mpaka 8 zenye dari fupi fupi, kwa sababu watu walizidi na eneo haliongezwi wakawa wanapandisha juu. Ukisimama katikati ya ule uwanja ukahesabu madirisha unaelewa kitu ambacho darasani hatukuambiwa. Kisha kuna shanga. Murano, kisiwa cha vioo ambako tanuri zilihamishiwa 1291 kwa kuogopa moto, wanauza shanga bei ya kukutoa jasho kwenye hiyo baridi, na ni shanga za Venice hizi zilizokuwa zinabebwa na misafara kutoka Bagamoyo kwenda Unyamwezi na Ujiji karne ya 19, pesa ya njiani, kila nchi na rangi yake, mfanyabiashara akifika na rangi iliyopitwa na wakati anakwama na mzigo. Bibi zetu walivaa Venice shingoni kabla hatujajua kuitamka. Hilo mwandishi wenu angeliandika ningemsamehe mengine yote.

Kasoro zipo. Migahawa mingi na hoteli nyingine zinafunga wiki kadhaa za Januari, tulifika mahali tulipoelekezwa tukakuta karatasi mlangoni wenyewe wako likizo. Mchana ni mfupi. Na kuna kinachosikitisha, karibu na Rialto kuna duka la dawa dirishani limeweka kibao cha namba za umeme kinachohesabu wakazi waliobaki kisiwani. 1951 walikuwa kama laki 1 na 75 elfu, 2022 wakashuka chini ya elfu 50. Nyumba zinageuzwa za wageni, vijana wanahamia bara. Na sisi tuliolala kwa euro 60 tumo kwenye hiyo hesabu, sijitoi, ndo maana nikachagua hoteli ndogo yenye mwenyewe mapokezi badala ya nyumba ya kupangisha kwa mtandao.

Kwa wanaosoma wakiwa nyumbani najua mtasema wewe uko Munich, sisi je. Ni kweli. Viza ya Schengen peke yake ni euro 90 tangu Juni 2024, sawa kabisa na ile gondola, na ukinyimwa hairudishwi, bado tiketi ya ndege. Kwa hiyo kwenu ghali sio Venice, ghali ni kufika, na makala ingesema hivyo ingekuwa imewasaidia zaidi kuliko kutisha watu na bei ya pizza. Ila kuna ndugu zetu wengi wako Italia, Uswisi, Ujerumani, Uholanzi, wanafunzi, wauguzi, watu wa zamu kama mimi, wanasoma gazeti lenu mtandaoni kila siku, na hao ndo niliowaandikia. Sisi wawili na treni ya kwenda na kurudi ndani yake hatukufika euro 500. Ukigeuza kwa shilingi inakuwa milioni na ushee, sio hela ndogo nakubali, lakini sio mamilioni ya kuuza kiwanja.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo. Mkiandika tena habari za safari wekeni mwezi aliosafiri mwandishi na bei ya kila kitu mbele yake, ya kukaa na ya kusimama. Na kama aliyeandika ile makala anazo risiti za hayo mamilioni azitoe zichapwe, na mimi zangu nimezitunza kwenye bahasha, nawatumia leo mkizitaka.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi,
Munich, Ujerumani